Walidhani Tunauza

Kwetu Kolwezi, mkoa wa Katanga, mtu akifa, viti ndivyo hutangulia kutoka. Kuni hazijafika, pasta hajaitwa, tayari wanaume wa jirani wameingia saloni, yaani sebuleni, na kuanza kubeba: fotei za kukalia, meza, kabati la vyombo, hata kitanda cha marehemu ikiwa kinapita mlangoni. Vyote huwekwa nje ukutani, na saloni hubaki tupu. Kisha wanawake hutandika mikeka na kukaa chini, kwa sababu mwenye msiba hakai juu ya kiti. Wanaume hubaki uani na moto wao. Hicho ndicho kilio.

Ndiyo maana mtu akipita barabarani akaona fotei nje, haulizi. Anafunga kitenge kiunoni, anavua viatu, anaingia akilia, na jina la marehemu atalijua humo ndani. Mama yangu aliwahi kuingia hivyo, analia kwa sauti yake yote, mpaka katikati ya ua wa watu waliokuwa wanapambana na kunguni tu. Walimpa chai. Alipenda kuisimulia mwenyewe, akisema afadhali kulia bure kuliko kupita kimya mbele ya msiba wa mtu.

Nayasema haya mwanzoni kwa sababu nimeshayaeleza mara nyingi kwa watu wasiotaka kusikia, na mimi si mtu wa subira, sikatai.

Baba alizaliwa Kolwezi, katika hospitali ya kampani ya shaba. Wazazi wake walitoka mkoa wa Kasai kuja kuchimba shaba wakati wa Wabelgiji, wakazikwa hapa. Kasai yenyewe baba hakuwahi kuiona. Kiluba cha wazazi wake alikisema vibaya, mpaka wageni kutoka huko walikuwa wanamcheka. Alikuwa fundi wa umeme, anatunza nyaya zinazoleta moto kutoka bwawa la Nzilo, na tuliishi katika kampu ya wafanyakazi, nyumba ya matofali yenye mipapai nyuma. Mama alikuwa mtu wa upande wa Musumba, kule Kapanga. Kaka zake wawili walikuwa wanalima huko. Mimi nilikuwa mkubwa wa watoto, msichana niliyemaliza shule na sina kazi, na nyuma yangu kulikuwa na wadogo zangu wawili wa kike.

Kampani ilikuwa inakufa taratibu, na sote tulikuwa tunaitazama. Mshahara ulichelewa, kisha ukaja nusu, kisha ikaja mifuko ya unga badala ya mshahara. Watu wakiwa na njaa hutafuta wa kumlaumu, na hawakutafuta mbali. Katika redio na katika mikutano wakubwa walisema mtu wa Kasai arudi kwao, Katanga ipumue. Walituita bilulu, wadudu. Wenzetu tuliosoma nao, tuliokunywa nao maji kikombe kimoja, walilitamka neno hilo huku wakitutazama usoni.

Baba hakuogopa, au alijifanya hivyo. Alisema, “Mi niko mutoto ya hapa. Banibebe, banipeleke wapi?” Tena alikuwa na mama. Mwenye mke wa Kapanga, alisema, nani atamfukuza? Wakwe zake ni wenye nchi. Mama alikuwa ndiye ukuta wetu, na sisi watoto tulilala usingizi kwa ajili hiyo.

Lakini mitaa ilikuwa inabadilika. Watu wa Kasai waliopewa siku za kuondoka na makundi ya vijana wenye fimbo walitoa vitu vyao nje ya nyumba wauze kabla ya kwenda stesheni kungoja treni. Ukipita kampu asubuhi unaona fotei barabara nzima, makabati, mashine za kushonea, friji inayokwenda kwa mfuko wa unga. Wanunuzi walitoka mjini na vijijini na baiskeli na mikokoteni. Wengine walikuwa na aibu kidogo. Wengi hawakuwa nayo. Katika muda mfupi sana, fotei iliyoko nje ikaacha kuwa habari ya kifo, ikawa habari ya mnada. Hakuna aliyetangaza badiliko hilo, na sisi tusiokuwa na mpango wa kwenda popote hatukulitambua.

Basi mama akafa, wakati huo huo. Presha. Aliamka akasema kichwa, tukampeleka hospitali kwa mkokoteni, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekwisha.

Nilitaka tumzike upesi. Baba akakataa, na alikuwa na haki. Mwanamke hazikwi bila ndugu zake. Ni lazima waje, wamwone uso, waseme na mume, waseme na marehemu, ndipo kaburi lifungwe. Ukimzika bila wao, umewaibia mtu wao. Mwili ukawekwa morge, chumba cha maiti cha hospitali, na habari ikatumwa kwa fonia, redio ya mawasiliano ya misheni, ikaitikiwa: wamesikia, wanakuja. Ila ulikuwa wakati wa mvua, na barabara ya Kapanga wakati wa mvua ni matope na lori zilizokwama. Tungengoja. Baba alituambia wazi tunangoja nini: shemeji zake wakifika, nyumba itajaa watu wa Kapanga, hakuna kijana atakayethubutu kuingia, na mama atazikwa na mume wake na watoto wake kama mtu. Tukishindwa kungoja, tumempoteza mara mbili.

Wanaume wawili walimsaidia baba kutoa vitu, kisha wakaenda zao, wana ya kwao. Fotei zetu nne zikakaa ukutani, na kabati, na kitanda cha mama. Nikatandika mikeka.

Mtu wa kwanza kuingia uani alikuwa mama mmoja wa makamo, kitenge kizuri. Nikainuka nimpokee, machozi yameshaanza. Yeye akaenda moja kwa moja kwenye fotei, akaibonyeza, akaikalia, akainuka akaikalia tena.

“Hii munaiachilia bei gani?”

Mawee! Nilitaka kumpiga kofi. Nilimwambia hatuuzi kitu, tuna kilio, mama yangu yuko morge. Akasema pole, na nadhani aliisema kwa moyo. Kisha akiwa getini akageuka akauliza kama baada ya kilio tutauza.

Walikuja wengine namna hiyo, siku nzima, na siku iliyofuata. Waliokuja kununua walikuwa wengi kuliko waliokuja kulia. Waliotakiwa kuja hawakuja. Akina mama wa kanisani kwetu, ambao mama alipika kwenye vilio vyao vyote, hawakuonekana hata mmoja. Niliwalaani mmoja mmoja kwa jina. Miaka mingi baadaye mmoja wao aliniambia ilivyokuwa: walipita, wakaona fotei nje, wakasema basi, nao wanaenda, na wakaona haya kuja kututazama tukiuza vyombo. Wakawa wanazungukia njia ya nyuma ili tusikutane macho. Walikuwa wanatuhurumia, walifanya vile kwa wema.

Na tulilia, eh! Mimi na wadogo zangu tulilia mpaka sauti zikakauka, ili watu wajue kwamba ni msiba. Lakini nani hakuwa analia kampu mwezi ule? Kila nyumba iliyokuwa inauza ilikuwa inalia. Tulivyozidi kulia ndivyo walivyozidi kuamini kwamba tunaondoka.

Mmoja tu alitujia kama inavyopasa, jirani wa nyumba ya tatu, mke wa mfanyabiashara, Mwislamu wa asili ya Maniema ambaye mumewe alikuwa na lori la kwenda Dilolo. Alikuja na sufuria ya wali, akakaa mkekani, akamlia mama kwa jina. Yeye ndiye aliyeona mambo yalivyo. Akamwita baba pembeni akamwambia kwa heshima kwamba watu hawatuelewi, turudishe viti ndani tufunge mlango, Mungu haangalii viti.

Mimi nilimuunga mkono. Niligombana na baba siku ile jinsi sikuwahi kugombana naye. Nilimwambia watu wanatuona wauzaji, kesho watatuona wahamaji, turudishe vitu. Akanitazama kama sina akili.

“Bandugu yake bakikuya bakute saloni imejaa biti, batasema nini? Batasema tulimulia siku moja, tukachoka.”

Kurudisha viti kabla ya mazishi ni kusema kilio kimekwisha. Ni kumfukuza marehemu. Shemeji zake wangekuta hivyo, wangemhukumu, na wangekuwa na haki. Baba alikuwa anawaza macho ya watu walioko njiani, kwenye matope. Macho ya waliokuwa getini hakuyawaza. Viti vikabaki nje. Jirani yetu yule naye hakukaa: mumewe, akiogopa duka lao lisivunjwe, alipakia bidhaa lorini, akamchukua na watoto wakaenda Dilolo.

Kisha akaja mtu na mkokoteni. Ulikuwa na godoro, masufuria na mke mwenye mimba amekaa juu yake. Alikuwa mfanyakazi wa kampani kama baba, anaishi na familia mbili katika chumba kimoja, na mtu alimwambia nyumba yetu inabaki wazi. Hakuwa na ubaya. Baba alipomweleza kwamba hatutoki, alitazama fotei, akatazama kitanda ukutani, akaitika kwa adabu, kama unavyomwitikia mtu anayeona aibu kusema ukweli wake.

“Hakuna neno, tata,” akasema. “Tutangoja mumalize.”

Na kweli wakangoja, chini ya paa la baraza. Mvua ilinyesha, mke wake akapata baridi, na mimi mwenyewe, mwenye hasira zangu zote, nikampa chai. Ningefanyaje? Alikuwa na tumbo hadi hapa.

Vijana walipopita wakamwona yule mtu anangoja, wakajua la kufikiri. Kwao sisi tulikuwa watu tuliokwisha kuuza, tuliokwisha kupata wa kuingia, na sasa tunajivuta. Walikuja kundi na fimbo. Baba akawaambia amefiwa. Wakacheka, na kicheko kile kilikuwa na sababu yake: mtaa wa pili familia moja ilikuwa imetandika mikeka na kulia kilio cha uongo ili iachwe siku kadhaa, na ikagundulika marehemu anapika nyuma ya nyumba. Sikuwalaumu wenzetu wale, walikuwa wanaokoa ngozi zao. Lakini walikula kilio chetu.

“Maiti iko wapi?” kijana mmoja akauliza.

Morge.

“Juu ya nini hamumuzike?”

Baba akajibu anangoja shemeji zake, watu wa Kapanga. Yule kijana akageuka kwa wenzake. Mtu mwenye wakwe wa Kapanga, akawauliza, angekuwa peke yake namna hii? Wako wapi? Wakatazama ndani: saloni tupu, wasichana watatu sakafuni. Nami nilivyotazama kwa macho yao niliona nyumba iliyohamwa. Ndiyo, nakiri, hata mimi nisingeamini.

Wakatufukuza hapo hapo, tukatoka na masufuria mawili, mikeka, na nguo tulizofunga ndani ya shuka. Mlangoni baba alimshika mkono yule mtu wa mkokoteni. Akamsihi: shemeji zangu wakifika, waambie dada yao yuko morge, sisi tuko stesheni. Yule mtu akaapa atasema. Na alisema. Hilo nitalifikia.

Stesheni sitaieleza sana. Watu walilala juu ya mizigo, watoto waliharisha, mvua haikuwa na huruma. Baba alijaribu kutoka kwenda morge, akarudishwa na fimbo, akajaribu tena, akarudi na jicho limefungika. Alikuwa anauliza kila aliyefika kama amewaona watu wa Kapanga. Treni ilipokuja hakutaka kupanda. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa na homa kali, tukipitwa na treni ile angekufa pale pale, na mimi nilimwambia baba hivyo, kwa sauti, mbele ya watu. Akapanda. Safari nzima aligeuza uso upande tulikotoka.

Kasai walitupokea kama wageni. Walituuliza kijiji chetu, hatukuwa nacho. Walitwambia sisi ni watu wa Katanga, tena walisema kwa dharau, na baba alicheka kicheko kibaya sana. Tulituma habari Kapanga kupitia wasafiri, kupitia kanisa. Hazikujibiwa. Tukadhani hazikufika. Baba alikufa huko, katika nyumba ya kupanga, watu wachache.

Nilirudi Katanga nikiwa mwanamke mzima, mwenye biashara ndogo ya vitenge, na wadogo zangu wameolewa. Kolwezi sikukaa. Nilipanda lori hadi Musumba kumtafuta mjomba. Mkubwa alikuwa amekufa. Mdogo wake nilimkuta mbele ya nyumba yake anapukuchua mahindi. Nilipiga magoti, nikasema mimi ni mtoto wa nani. Hakuniitikia. Mkewe alileta maji, akamtazama mumewe, akayarudisha ndani. Pale ndipo nilipojua habari zetu zote zilifika.

Nilikaa chini bila kukaribishwa. Nikamwambia anitukane kwanza, halafu anisikilize.

Hakutukana. Aliniambia tu walichokiona. Walifika Kolwezi wamechoka, lori lilikwama njiani, chakula kiliwaishia. Nyumbani kwa dada yao wakamkuta mtu mwingine, mkewe ana mtoto mchanga. Yule mtu aliwapa viti, akawapa maji, akawaeleza kwa unyofu alivyojua: dada yenu yuko morge, wenyewe waliuza vitu vyao, kama walivyomwambia waliokuja kuvibeba, wakaenda stesheni. Nyumba chache mbele waliiona fotei ya dada yao barazani kwa watu. Walipofika stesheni, treni ilikuwa imekwenda. Wakamzika peke yao.

“Muliuzisha bitu mbele ya kumuzika,” mjomba akasema. “Hata mbwa haifanye vile.”

Asiyekuwapo na lake halipo, na sisi hatukuwapo. Basi nikamweleza. Nilimweleza viti, mwanamke wa kwanza, mtu wa mkokoteni, kilio cha uongo cha mtaa wa pili, baba aliyekataa kurudisha fotei ndani kwa sababu ya heshima yao wao, wao wenyewe, waliokuwa kwenye matope. Nilieleza kwa hasira, sikubembeleza. Niliuliza: huku Musumba mtu akifa, viti mnaviweka wapi?

Aliliweka hindi chini. Kisha akasema kwamba waliona vitu nje njia nzima ya kampu, vya kila nyumba, na hawakufikiri kilio hata kidogo. Wao, waliokuja kilioni! Akaita maji. Nikanywa. Akalia, mzee yule, bila kuficha uso, na mimi nikadhani tumefika. Nilidhani hili ndilo nililolifuata.

Nikamwomba basi twende pamoja Kolwezi, kwenye kaburi, amwambie mama ilivyokuwa.

Akatikisa kichwa. Akanieleza kwamba siku ya kumzika, kaka yake mkubwa ndiye aliyesimama kusema na marehemu, kama desturi, kumpa habari za aliowaacha ili aende akijua. Mjomba aliyakumbuka maneno yote. Aliyasema akitazama chini.

“Dada, bwana yako na batoto balikuuzisha pamoja na biti ya nyumba. Balienda. Usibafuate tena.”

Na neno la kaburini, akasema, huondolewa na aliyelisema. Yeye ni mdogo, hakulisema yeye, hawezi kulirudisha. Aliyeliweka amekufa nalo.

Nilitaka kubisha. Mimi hubisha siku zote. Lakini nilikuwa namkumbuka baba, miaka ile ya Kasai, asubuhi akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anaulizia jambo moja tu kwa aibu ya mtu mzima. Wanaume wenzake wote waliofiwa wanaota wake zao, alisema, hata wale waliowapiga. Yeye hajamwota mama hata mara moja. Anamwita kila anapolala, haji. Akaniuliza kwa nini.

Nilikuwa namwambia ni uchovu.